Maji ya Tatu

Bili ya maji ilipokuja safari hii, Mzee Kesho hakuileta kimyakimya. Aliinyanyua juu, akasimama katikati ya uwanja wa nyuma na kupiga makofi ili wapangaji watoke. Jina hilo la Kesho hakupewa na mamake. Walimpa wapangaji, kwa sababu tangu awe mwenye nyumba hajawahi kurekebisha kitu leo. Kitasa kimevunjika? Kesho. Bati linavuja? Kesho. Kodi tu ndiyo haijui kesho.

Akatoka kinyozi, mkewe nyuma yake. Akatoka mwalimu wa chumba cha mwisho, kalamu bado sikioni. Mama Povu hakuwa na pa kutoka, maana alikuwa tayari pale nje kwenye karo lake la kufulia, mikono imezama hadi viwikoni katika shuka za gesti. Mzee Kesho akasoma kiasi. Kinyozi akapiga mluzi. Kisha macho yote yakageuka na kutua kwenye beseni.

Na kusema kweli, nani angeyalaumu macho hayo? Vyumba vitatu vinatumia mita moja, mmoja wa wapangaji ni dobi, na maji yamepanda hivyo. Kesi ilikwisha kabla haijaanza.

"Mimi simtaji mtu," alisema Mzee Kesho, akimtazama Mama Povu. "Ila aliyetumia anajijua."

"Baba, kazi yangu ni ileile tangu nihamie hapa," alisema Mama Povu. "Shuka ni zilezile. Huenda bomba limetoboka mahali. Muite fundi aangalie."

"Bomba halinywi maji, mama. Watu ndio wanaoyatumia."

"Basi aje aangalie tu, turidhike."

"Nitamuita."

"Lini?"

"Kesho!" alidakia kinyozi, na wote wakaangua kicheko, hata Mzee Kesho mwenyewe. Mama Povu hakucheka.

Mita ya wapangaji ilikuwa langoni. Kutoka pale bomba lilizama ardhini, likapita chini ya baraza la nyumba kubwa ya Mzee Kesho, likaibukia nyuma kwenye vyumba na kwenye karo. Mzee alikuwa na mita yake mwenyewe, na bili yake haikumhusu mtu. Ile ya wapangaji waligawana, dobi akitoa nusu nzima peke yake. Hilo alilikubali tangu mwanzo bila kinyongo. Lakini nusu ya bili hii ilikomba kila alichopata, akabaki na mikono iliyochubuka na kodi ya kutafuta.

"Kama hamuelewani," Mzee Kesho alimalizia akiondoka, "nitafanya jambo moja rahisi. Kufua kutakoma humu ndani."

Maneno hayo yalimchoma Mama Povu kuliko bili yenyewe. Karo lile alilijenga kwa saruji yake, mahali palipokuwa na tope tupu, na bila karo hana kazi. Nani mwingine angempangisha chumba dobi, amwagiwe maji na sabuni uani kwake kutwa kucha?

Kufua alifundishwa na mamake, naye alikuwa dobi. Mama yule hakuwa na maneno mengi, ila kwenye kusuuza alikuwa mkali kama askari wa gereza. Nguo ilisuuzwa kwa maji matatu. Maji ya kwanza yanaondoa povu, alikuwa akisema, ya pili yanaondoa sabuni, na ya tatu yanaondoa mashaka. Anayeruka maji ya tatu si dobi, ni mtu anayelowesha nguo za watu. Kwa maji hayo matatu Mama Povu alijijengea jina, na kwa jina hilo akapata kazi ya gesti, shuka na foronya kila siku, kazi ambayo madobi wengine waliimezea mate.

Sasa akaanza kujishuku. Kila alipofungua koki alihisi macho mgongoni. Mke wa kinyozi akipita na ndoo anaguna. Mwalimu akimsalimia, salamu inakuwa fupi. Mwishowe Mama Povu akapiga moyo konde, akaacha maji ya tatu.

Hakuna aliyegundua. Shuka zilikauka, zikanyooshwa, zikaenda gesti, zikalaliwa. Bili iliyofuata ikaja, na haikushuka hata kidogo.

"Labda anafua tukiwa kazini," alisema mke wa kinyozi, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika.

Mama Povu alimeza hasira yake. Angeweza kumfuata meneja wa gesti, amueleze hali ilivyo. Lakini dobi gani anakwenda kumwambia mteja kwamba hana maji? Ni sawa na mpishi kusema hana moto. Akanyamaza, na akaacha maji ya pili.

Sabuni iliyobaki kwenye kitambaa jicho haliioni, lakini pasi inaiona. Siku hiyo alipokuwa akinyoosha, shuka ikatoka na wingu la manjano katikati. Akajiambia pasi imezidi moto, akaipunguza. Shuka iliyofuata ikatoka na mawingu mawili. Alijua. Mtu aliyezaliwa kwenye povu hawezi kusema hajui. Akazikunja kwa ustadi, manjano yakawa ndani na weupe nje, akazipeleka hivyohivyo.

Hazikukaa. Meneja wa gesti, mwanamama mpole asiyejua kufoka, alimuita na kumrudishia mzigo mzima.

"Wageni wanajikuna, mama," alisema. "Mmoja ameniuliza kama tuna kunguni."

"Nitazirudia. Nitazirudia zote bure."

"Hapana. Nimeshampa mtu mwingine."

Unga ukamwagika. Habari za madoa hazikawii, na baada ya gesti hata wateja wa shati moja moja wakaanza kupitia njia nyingine. Karo likakauka. Mjusi akahamia pale, kutwa anaota jua kama aliyelipa kodi. Mama Povu alikaa mlangoni kwake, mikono mapajani, kwa mara ya kwanza tangu utoto vidole vyake havina mikunjo ya maji. Alikula kwa kukopa. Maji ya kunywa na ya kuoga alichota kwa kopo, kwa uoga, kama mwizi.

Ndipo bili nyingine ikaja.

Mzee Kesho alisimama palepale, akasoma kiasi kilekile, tena kimezidi kidogo. "Nimesema sana," alianza, "aliyetumia anaji..." Akakatiza, maana Mama Povu alikuwa amesimama.

"Soma tena, baba."

"Umeshasikia."

"Soma tena, na wao wasikie."

Akasoma, sauti imepungua.

"Sasa njoo uguse karo langu. Njooni nyote mguse! Mke wa kinyozi, wewe unayeniona nikifua mkiwa kazini, weka mkono hapa. Kuna maji? Kuna povu? Mjusi huyu ndiye aliyefua?" Akapiga kofi ukingo mkavu wa karo. "Nimekaa mwezi bila kulowesha hata kitambaa, mmeniona kwa macho yenu. Hayo maji yamekwenda wapi?"

Kuthibitisha kwamba hakuwa na hatia, ilibidi kwanza afilisike.

Mwalimu ndiye aliyezinduka. Akawaomba wote wafunge koki zao, akaenda langoni, wakamfuata. Kigurudumu cha mita kilikuwa kikizunguka chenyewe, taratibu. Mwalimu hakungoja kesho ya mtu, akampigia simu fundi bomba palepale.

Fundi alifika, akauliza bomba linapita wapi, akapanda barazani na kugonga vigae kwa kisigino. Kimoja kikalia utupu.

"Mzee, ni hapa," alisema. "Si nilikuambia siku ile unaweka vigae? Nilisema hili bomba limeoza, tulibadilishe kwanza. Ukasema tufunike tu, mengine kesho."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kinyozi alitazama viatu vyake.

"Vigae hivi vina thamani," alisema Mzee Kesho kwa unyonge. Kisha akajikaza. "Na hata hivyo, panapovuja ni baada ya mita. Baada ya mita ni upande wa wapangaji."

"Baba," alisema Mama Povu, "nyumba ni yako, bomba ni lako, vigae ni vyako. Changu hapa ni karo tu, nalo limekauka."

Vigae vikabomolewa. Chini yake palikuwa na tobo lililokuwa likipanuka siku hadi siku, na dimbwi safi limeshaanza kula msingi wa nyumba kubwa, na nadhani huo msingi ndio uliomlainisha mzee kuliko aibu. Alikubali kuzibeba bili zile na kukata kwenye kodi walichokwisha kulipa wapangaji. Mke wa kinyozi alikuja jioni na mche wa sabuni, akauweka kwenye ukingo wa karo, akasema, "Ya kuanzia, dada," akaondoka haraka. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake.

Kesho yake Mama Povu alivaa gauni lake zuri akaenda gesti. Alimueleza meneja yote, bomba, vigae, fundi, mpaka mjusi. Meneja alimsikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, mama," alisema. "Huyo mzee amekuonea, na ni haki yako kukasirika."

Moyo wa Mama Povu ukaruka kwa matumaini.

"Lakini bomba halikuzikunja zile shuka," meneja aliendelea kwa upole uleule. "Ungeniambia huna maji, ningekupa koki ya hapa uani ufulie. Hukuniambia. Uliniletea manjano umeyafichia ndani, ukanitazama usoni."

Mama Povu aliaga, akatoka. Njia nzima ya kurudi alimlaani Mzee Kesho, akamlaani na mke wa kinyozi, lakini laana hazikumpa nafuu, kwa sababu alilosema meneja lilikuwa kweli.

Alipofika alimfukuza mjusi, akatoa shuka ya kitanda chake mwenyewe, akaifua. Akaisuuza maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akamwaga, akajaza tena. Mzee Kesho alipita, akaona maji yanafurika karo na kutiririka uani, akauruka mkondo, akaenda zake. Mama Povu hakumtazama. Aliendelea kusuuza shuka ambayo ilishatakata zamani, koki ikiwa wazi.