Tansiyo ya Mkurugenzi

Mugenzi, mkurugenzi katika wizara moja pale Kacyiru, hakuwahi kupanga foleni tangu apewe kiti cha ofisini chenye magurudumu. Foleni ilikuwa kazi ya Muhire, tarishi wake. Muhire alimlipia umeme, alimchukulia barua posta, na mara mbili alimwakilisha msibani akiwa amevaa koti la mkubwa wake, akalia vizuri kabisa. Kwa hiyo mwaka 1991, alipodaiwa cheti cha afya ili aende Brussels kwa mafunzo ya miezi sita, Mugenzi hakuona ugumu. Alivua koti, akampa Muhire.

"Wanapima tansiyo tu, nguvu ya damu," alisema. "Wewe mwembamba, unatembea kwa miguu, damu yako imetulia. Jina langu usilisahau."

Tansiyo yake mwenyewe aliihofia, maana alikuwa mtu wa mishikaki na bia, na safari ile aliitaka kuliko pepo. Glovu za baridi alishanunua.

Muhire akaenda. Njiani alipita kizuizi cha askari, kitambulisho chake chenye kabila lake mfukoni na jina la mtu mwingine mdomoni. Tangu vita vianze mwaka uliotangulia, alikuwa ameshalala rumande wiki tatu bila kuambiwa kosa. Mugenzi alilijua hilo, ila halikumjia kichwani; wakubwa wana mengi ya kukumbuka.

Saa saba Muhire alirudi, jasho linamtiririka.

"Patron, imekataa. Iko juu. Muganga alipima mara tatu: mia mbili kwa mia na kumi na tano."

"Wewe? Na nyama hata huli!"

"Alisema si nyama, Patron, ni woga. Kichwa kikipata habari, neva zinabana mishipa, moyo unapiga mbio. Halafu iko homoni zinatoka juu ya figo, zinamwagika kwa damu. Mutu akiogopa kila siku, figo nazo zinashika chumvi na maji, damu haishuki tena."

"Na cheti?"

"Alituma yeye mwenyewe huku wizarani, kwa bahasha. Aliniuliza naogopa nani, apate kuandika. Nikamwambia ukweli: mukubwa wangu wa kazi."

Mugenzi alikaa chini. Mkubwa wake yeye wa kazi alikuwa katibu mkuu, na bahasha ilikuwa imeshafika mezani kwake.

Kesho yake katibu mkuu alimwita, akamshika bega. "Ndugu yangu, kumbe unaniogopa hivyo? Brussels ataenda mwingine. Wewe utahamia kwenye mafaili ya zamani, kule kuna utulivu. Na chumvi acha."

Mugenzi angesema nini? Kwamba alimtuma tarishi aidanganye serikali? Alishukuru.

Ilibaki njia moja, kupimwa upya. Akaenda mwenyewe hospitali, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa akapanga foleni, saa tatu nzima juani, nyuma ya akina mama waliobeba watoto mgongoni. Daktari Mukashema hakuinua kichwa.

"Jina?"

"Mugenzi. Mkurugenzi Mugenzi."

Hapo akainua. "Mugenzi mimi namujua. Mutu mupole, alisalimia kila mutu hapa, maskini, anatetemeka. Wewe iko nani?"

Mugenzi alirudi nyuma hatua moja. Askari wa mlangoni alikuwa ameshasogea. Moyo ulimpiga mpaka masikioni, na jasho likaanza kumtiririka ndani ya koti lilelile.