Mwenye Ufunguo Asimame

Bendi ya mdogo wake fundi cherehani ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa: mtu akitajwa kwenye wimbo, ubeti hausogei mpaka asimame, apunge mkono. Kwenye harusi moja waliwahi kuzungusha ubeti robo saa nzima wakimsubiri mjomba wa bwana harusi aliyekuwa chooni.

Leo fundi cherehani hakuwa na moyo wa kucheka. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinatimiza miaka kumi, bendi iko jukwaani, naye amekaa nyuma na mafundi wenzake akijilaumu kwa kuropoka. Wiki iliyopita, wakimenya vitunguu, alimsimulia mdogo wake jinsi waya wa pasi ulivyoshika moto kiwandani, mafundi wakakimbilia mlango wa nyuma, wakakuta kufuli kama siku zote, eti wasiibe vitambaa. Moto waliuzima kwa sufuria ya chai yao ya saa nne.

"Aliyelalamika keshafukuzwa," alimwambia. "Wewe nyamaza."

Mdogo wake akanyamaza. Tangu utotoni, kunyamaza kwa yule hakujawahi kuwa dalili njema.

Mdogo wake, ndiye mwimbaji, akamtaja tajiri mwenye kiwanda; tajiri akasimama, akapigiwa makofi. Akamtaja mgeni rasmi, naye akasimama. Kisha, kwa sauti ileile ya kubembeleza, akaimba: "Mwenye ufunguo wa mlango wa nyuma, asimame tumwone."

Wageni wakacheka, wakageuza shingo kumtafuta. Kibarua kimeota nyasi, fundi cherehani aliwaza, na watoto bado wanasoma.

Ubeti ukarudi mara ya tano, mara ya kumi. "Mlango umefungwa, na ndani mna mama zetu." Kicheko kikakauka. Msimamizi wa kiwanda alikuwa anatazama viatu vyake, funguo zikining'inia kiunoni kila mtu akiziona. Ndipo fundi wa vifungo, mtu ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona, akaanza kuitikia. Meza nzima ikafuata. Fundi cherehani akajisikia anaimba, tena kwa nguvu.

Msimamizi akasimama.

"Twende ukatufungulie," mgeni rasmi akamwambia, "na sisi tuuone huo mlango."

Ufunguo uligoma kwa kutu. Kufuli likavunjwa kwa nyundo, mbele ya tajiri na wageni wake wote.

Baadaye alimkuta mdogo wake anakunja nyaya za vipaza sauti.

"Dada, umenikasirikia?"

"Nilikwambia unyamaze."

"Uliniambia."

"Basi ahsante kwa kutonisikia, mdogo wangu. Ahsante sana." Akashika ncha ya waya, wakakunja pamoja.

Bendi haikualikwa tena pale, wala haikushangaa. Mlango ule hutokea kwenye mtaro wa majitaka, na njia ya kwenda kituo cha basi ni ya mbele. Jumatatu kazi ilipoisha, mafundi wote sitini walitokea nyuma, wakavuka mtaro viatu mkononi.