Njia ya Kushukia

Mwezi wa saba, miaka miwili tangu Mthobisi Khoza afe kwa baridi kule juu mlimani, mama yake alishuka garini mbele ya ofisi yetu ya waongozaji wa wapanda milima hapa Mnweni, akaegemea fimbo na kuniuliza Hlongwane yuko wapi.

Nilimtambua mara moja. Tulikuwa tumekwenda Edendale kwenye mazishi, waongozaji tisa tumebanana ndani ya gari moja, na Falakhe Hlongwane alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Siku ile MaMbatha, huyo mama yake Mthobisi, alikuwa mnene mwenye sauti kubwa. Huyu aliyesimama mbele yangu, nguo zilikuwa zinamning'inia.

"Yuko nyuma anashona mahema, mama," nikasema. "Karibu uketi."

"Nimeketi tangu Maritzburg. Niitie."

Falakhe alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Alipoona ni nani, alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe. Kisha mama akafungua mfuko wa plastiki na kutoa vitu vyake mezani. Ilikuwa mikanda myeusi ya kuvutika iliyoshonwa pamoja, miwili ya kupita mabegani na mmoja wa kuzunguka mbavu, na kwa mbele kibao kidogo cha kushikilia kamera. Kamera yenyewe haikuzidi kiberiti. Sote tuliijua. Mthobisi alipanda milima yote ya huku akiwa ameivaa kifuani, mikono huru kushika mwamba, halafu akirudi kwao anakaa kuangalia alivyopanda.

"Polisi walinirudishia," akasema MaMbatha. "Nimeangalia vyote vilivyomo, miaka miwili sasa. Unajua ninachokiona, Hlongwane?"

"Hapana, mama."

"Mgongo wako. Mwanangu simwoni. Naona mikono yake, na pumzi zake nazisikia. Lakini wewe uko mbele yake siku nzima. Ningekutambua sokoni kwa nyuma."

Falakhe alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akaacha.

"Picha zinaishia pale barafu inapoanza," mama akaendelea. "Betri ilikufa kwa baridi, ndivyo walivyoniambia. Sasa nataka nione palipobaki. Mimi nina sukari, miguu hii hata ngazi za kanisa inanishinda. Utanivalia wewe. Upande mlima kama mlivyopanda, mpaka pangoni ulipomwacha. Halafu ushuke kama ulivyoshuka kutafuta msaada. Usikate mahali. Betri nimeleta sita."

"Kupanda naweza, mama," Falakhe akasema. "Kushuka ndiko… ile siku nilipotea. Sikumbuki vizuri nilipita wapi."

"Utapita unapopakumbuka."

Hadithi ya siku ile tuliijua wote, maana Falakhe aliisimulia kwa polisi, kwa familia na kwetu sisi, na kila mara kwa maneno yaleyale. Walipokaribia juu, Mthobisi aliteleza kwenye barafu akavunjika goti. Falakhe akamburuta mpaka kwenye pango, akamvika kila kilichokuwepo, na saa kumi jioni akashuka kuita watu. Theluji ikaanguka. Ukungu ukafunika njia, akapotea, akazunguka bondeni mpaka kukapambazuka. Alifika kwetu asubuhi, midomo imepasuka. Waliopanda mchana walimkuta kijana amekaa, ameegemea ukuta wa pango. Daktari alisema alifariki karibu na alfajiri.

Nilimtetea Falakhe kwa watu. Nilisema, mwenye kuhukumu na apande kwanza katika theluji.

Kesho yake asubuhi nilimsaidia kuvaa. Mikanda ilikuwa imekazwa kwa kifua cha kijana mwembamba, ikabidi tuilegeze. Nikaiinua kamera kidogo, kwa sababu mtu anayepanda huinama, na ukiiacha imenyooka inaona vidole vya miguu tu. Begi la mgongoni nikamwambia asifunge kamba yake ya kifuani, isije ikaziba jicho la kamera. Wenzetu walikuwa wamekaa kwenye benchi wanakunywa chai, na mimi kwa kutaka kumchangamsha nikasema, "Hlongwane, mkeo Zibuyile anajua kwamba umeanza kuvaa sidiria?"

Benchi zima likaangua kicheko. "Kaza, baba, yasije yakaanguka njiani!" mmoja akapiga kelele.

Siku nyingine angenijibu jambo la kunifanya nijute. Siku ile aliuliza tu, "Taa ya kamera inawaka?"

"Inawaka."

Akaondoka.

Alirudi siku ya pili jioni. Hakula. Aliniachia kamera na mikanda, akasema kesho mama aangalie, naye atakuja.

Asubuhi tuliketi barazani watatu. Nilikuwepo kwa sababu MaMbatha alikuja na kompyuta mpakato ya mwanawe, na vidole vyake havikuzoea. Falakhe alikataa kiti, akakaa kwenye ngazi, nusu ametugeuzia mgongo.

Kupanda kulikuwa kama kupanda kulivyo. Nyasi zilizochomwa, nyeusi. Mto. Mawe. Mikono ya Falakhe inashika mwamba, inaachia, inashika. Pumzi zake zilikuwa nzito, maana kamera ikikaa kifuani husikia pumzi kuliko upepo. MaMbatha aliinamia kioo kabisa. Alijua kila kona. "Hapa alisimama kunywa maji," alisema. Mahali pengine, "Hapa aliimba." Nikawa naitikia tu.

Kisha ikafika barafu, mahali ambapo hakuwahi kupaona. Akanishika mkono wa shati na hakuuachia.

Pango lilikuwa dogo kuliko MaMbatha alivyofikiri. Alisema hivyo: "Ni padogo." Ukuta, vumbi, kinyesi cha mbuzi wa mwitu. Falakhe alikuwa amesimama mbele yake bila kusogea, dakika kama tano. Mama alilia bila sauti, nami nikatazama kibanda cha kuku cha jirani.

"Endelea," akasema.

Kushuka kukaanza. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi vibaya, hata kabla sijajua kwa nini. Mimi nimeshuka njia ile mara nyingi kuliko nilizopanda kitandani kwangu, lakini nilikuwa sijawahi kuitazama nikiwa nimekaa. Upande wa kulia kuna mto. Upande wa kushoto kuna ukuta wa mlima. Katikati kuna njia ya ng'ombe, pana, na kila hatua mia kuna rundo la mawe ya kuonyesha njia. Mtu kipofu angeshuka kwa kusikiliza maji. Nikamtazama Falakhe pale kwenye ngazi. Alikuwa anachuna ngozi ya kidole gumba.

Mahali fulani picha iligeuka kushoto, ikaingia katika kijikorongo cha vichaka.

"Anakwenda wapi?" MaMbatha akauliza.

Picha ilikwenda dakika kumi, majani yakipiga kioo, mpaka ikafika kwenye mwamba usiopandika. Ikasimama. Tulisikia pumzi zake tu, nyingi. Kisha ikageuka, ikarudi njia kuu, ikaendelea kushuka kando ya mto.

Baadaye Falakhe aliniambia kwamba pale alitaka kutengeneza mahali pa kupotelea. Alitafuta bonde zima kwa macho, hakupaona.

Wakati jua la kwenye picha lilipoanza kuwa jekundu, kikatokea kibanda cha mawe cha wachunga ng'ombe, chenye paa la nyasi. Hakikuwa na mtu. Picha ikaukaribia mlango, ikainama, ikaingia gizani. Polepole tukaona majivu, sufuria iliyotoboka, ngozi ya ng'ombe chini. Halafu ikashuka kwa ghafla: alikuwa ameketi. Tukabaki tunaangalia magoti yake mawili na mikono iliyolala juu yake.

Tukangoja. Dakika tano. Kumi. Nikanyoosha mkono nisogeze mbele.

"Acha," akasema MaMbatha.

Dakika ishirini. Magoti na mikono. Kifua kilipopanda na kushuka, picha nzima ilipanda na kushuka nacho.

"Hlongwane," mama akasema, bado anaangalia kioo. "Hapa umekaa kufanya nini?"

Falakhe hakugeuka.

"Umeiambia kamera. Na mimi niambie."

"Siku ile kulikuwa na mzee humo, mchunga ng'ombe," Falakhe akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo hata ikabidi niache kupumua nimsikie. "Alikuwa na moto. Akanipa chai. Akanipa ugali na maziwa ya mgando. Akasema, kaa kidogo upate joto. Nikakaa, mama. Nguo zilikuwa zimeganda. Nilisema nakaa kidogo."

"Ukakaa mpaka saa ngapi?"

"Nililala."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka asubuhi."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya ngazi. Mahali fulani juu barabarani mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki inayokataa.

"Theluji ilifunga njia?"

"Iliacha saa mbili usiku. Mzee aliniamsha. Aliniambia, kijana, kumeng'aa, nyota zimetoka, nenda. Nikasema naam. Nikalala tena."

"Ungeshuka, watu wangefika kwake saa ngapi?"

Falakhe alichuna kidole gumba. MaMbatha akanigeukia mimi. "Wewe ni mwongozaji. Saa ngapi?"

Nilitamani kusema sijui. "Saa nane usiku, mama. Labda saa tisa."

Alihesabu kwa midomo. Aliyajua maneno ya daktari kuliko mtu yeyote.

"Mwanangu alikuambia nini ulipoondoka?" akauliza.

"Aliniambia niende polepole, mawe yanateleza."

MaMbatha alifunga kompyuta. Alitaka kusimama, fimbo ikateleza sakafuni, na Falakhe akaruka kutoka ngazini kumshika.

"Usiniguse."

Akabaki ameinama, mikono imenyooshwa, hajui aipeleke wapi. Mama nilimwinua mimi. Alikuwa mwepesi. Nilimpeleka mpaka garini, na njia nzima alisema neno moja tu, "Nyota," tena akalisema kama mtu anayeuliza. Mikanda na kamera nilivitia kwenye mfuko wake wa plastiki, nikauweka kiti cha nyuma. Dereva aliuliza kama tunasubiri mtu mwingine. Mama akasema hapana.

Falakhe alikwenda kwa hiari yake polisi Bergville wiki ileile, akasema wabadilishe maelezo yake. Aliniomba nimsindikize nikaenda, lakini hatukuongea njiani. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kulala si kosa la jinai, na kwamba kusema uongo kwa polisi lingekuwa jambo jingine kama angetaka kulifuatilia, ila hataki. Akamwambia aende nyumbani. Nadhani Falakhe angependa zaidi kufungwa. Alitoka pale akakaa kwenye ukingo wa barabara, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akilia. Sikukaa naye. Nilikuwa namkumbuka kila mtu niliyegombana naye kwa kumtetea.

Ofisi ilimnyang'anya kitambulisho cha kazi. Hakubisha. Zibuyile alihamia kwa mama yake miezi mitatu, akarudi, wakaendelea kuishi, lakini nyumba yao ikawa kimya. Watu wa huku hawakumtukana. Waliacha tu kumwomba awasaidie mambo. Yeye akapata kazi ya kufunga nyaya za uzio kwenye mashamba ya wazungu upande wa chini, mbali na milima.

Mimi ilinichukua karibu mwaka kumsalimia vizuri. Nilikuwa nikipita na wageni karibu na kile kibanda cha mawe, nikijiuliza ningefanya nini mimi na nguo zangu zimeganda na moto uko mbele yangu. Siku nyingine nilijibu ningeondoka. Siku nyingine sikujibu.

Basi Jumamosi moja mwezi wa tano nikamkuta nje ya duka ameketi kwenye kreti anakula mkate. Nikakaa kwenye kreti ya pili. Tulikuwa tunazungumzia bei ya ng'ombe simu yake ilipolia. Alitazama kioo cha simu muda mrefu. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, ule mwingine ukiwa na mkate.

"Mama," akasema.

Simu yake ilikuwa ya zamani, inayopayuka, nilisikia kila kitu.

"Nataka kukuuliza jambo moja," MaMbatha akasema, bila salamu. "Siku ile. Alikuwa amekula?"

"Ndiyo, mama. Kabla sijaondoka. Nilimlisha."

"Nini?"

"Mkate. Na samaki wa kopo."

"Samaki wa kopo alikuwa hapendi. Tangu mdogo."

"Alikula, mama. Alikula wote. Aliukomba mchuzi kwa kidole."

Kule upande wa pili kulikuwa na redio, na mtu anaosha vyombo.

"Alikula wote," MaMbatha akasema.

"Ndiyo, mama."

Akakata. Falakhe alisubiri kidogo kama atapiga tena, kisha akaiweka simu mfukoni, na mkate uliobaki akamtupia mbwa wa duka.