Kichwa cha Kuksimut

Alasiri hiyo Mashtiya alikuwa uani akikanyaga udongo kwa miguu, akiuchanganya na makapi ya shayiri, maana seremala wa mtaa wa pili alikuwa amefariki asubuhi na watu wake walitaka kichwa kabla jua halijazama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hapo Shushani. Mtu akifa huzikwa chini ya sakafu ya nyumba yake mwenyewe, na kando ya kichwa chake huwekwa kingine cha udongo mbichi, kilichopakwa rangi, chenye sura aliyokuwa nayo alipokuwa mzima, ili huko aendako kuhukumiwa asichanganywe na mtu mwingine.

Alikuwa anamalizia masikio ya seremala pale mumewe alipoingia.

Kuksimut alikuwa amekufa tangu mavuno. Alichukuliwa pamoja na wanaume wengine wa mtaa kwenda kujenga mji mpya wa mfalme, ng'ambo ya mto, ambako hekalu lilikuwa likipanda ngazi juu ya ngazi. Ukuta ukaporomoka, ukawafunika. Sikukuu ilikuwa karibu, na wasimamizi wakaona kufukua ni kupoteza muda. Wakaamuru matofali mapya yapangwe juu yao. Tangu hapo alirudi nyumbani kila magharibi kama arudivyo mtu yeyote kutoka kazini, na alfajiri akaenda zake ukutani.

"Kung'uta miguu," akasema mama yake, Bi Hashtuk, bila kuinua macho kwenye dengu alizokuwa akichambua. "Jamvi nimelifagia sasa hivi."

Kuksimut akakung'uta miguu. Vumbi lake lilikuwa jekundu. Akainamia mtungi akanywa, na maji yaliposhuka kifua kikakolea rangi, kama ukuta ulionyeshewa. Mgongoni alikuwa na chapa, ileile iliyopigwa kwenye matofali yote ya hekalu, isemayo kwamba mfalme ameijenga nyumba hii kwa mkono wake.

"Umeshindaje?" Mashtiya akamuuliza.

"Nimesimama tu."

Jua lilipogusa mapaa wakapita Ishnikarab na Lagamal, miungu wawili wanaowapeleka wafu kwa Inshushinak, hakimu wao. Watu wakavuta punda zao kando kuwapisha. Walikuwa wanamfuata seremala. Mashtiya akawasimamisha mlangoni.

"Na huyu wangu je?"

Lagamal, ambaye jina lake ni kusema hana huruma, akachungulia ndani. "Hana kaburi, hana kichwa. Nikamwambie hakimu nimemletea nani?"

"Mama, si wewe ndiye mfinyanzi?" akasema Ishnikarab, ambaye ndiye msikia dua. "Mfinyangie na chake, umzike, sisi tutakuja."

Walipokwisha kupita Bi Hashtuk akaguna. "Mji mzima anaufinyangia. Cha mwanangu tu ndicho kinachomgandisha mikono."

Mashtiya akanawa udongo mikononi. Alijua kwamba siku kichwa kitakapokamilika, jioni itakuja bila mtu. Wajane wengine walizoea hivyo, yeye hakutaka kuzoea. Alipenda kusikia jamvi likilia chini ya uzito ule, ijapokuwa uzito wenyewe ulizidi kila siku, na ijapokuwa ubavu alioulalia ulikuwa wa baridi na ulimchubua bega.

Lakini Kuksimut alikuwa anaisha. Nyusi zilisawazishika kwanza, kisha kile kikovu cha kidevuni. Jioni moja alisimama mlangoni akauliza hapa ni kwa nani. Bi Hashtuk alipomjibu, "Kwa baba yako, mpumbavu wee," aliingia, akaketi, akamtazama mkewe kwa adabu, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Baadaye akasema, "Nipeleke nikahukumiwe, mke wangu."

"Una haraka gani? Unakumbuka hata ulichokosa?"

"Niliiba zabibu za shamba la mungu kwa ajili yako, ulipokuwa na mimba. Hilo nalikumbuka. Kesho nitakuwa nimelisahau." Akasugua kiganja, vumbi likamwagika. "Mtu asiyehukumiwa hana jema wala baya. Ni tofali."

Asubuhi Mashtiya akavuka mto. Kuhani Temtiwari, mtu msafi aliyenukia mafuta ya ufuta, alikuwa amesimama kwenye ua wa hekalu akiwakagua kondoo wa kafara.

"Nimekuja kumchukua mume wangu," Mashtiya akasema.

"Yuko kazini."

"Amekufa, mheshimiwa. Mlimjengea juu."

"Mama, hii ni nyumba ya Inshushinak na Napirisha. Nyumba ya mungu haina maiti. Hapa hajafa mtu."

Nyuma yake ukuta ulikuwa umeota mikono. Ilitokeza katikati ya matofali, mingine imekunja ngumi, mingine imefunguka, na watumishi walikuwa wakiipaka rangi ya buluu, mmoja baada ya mwingine. Mashtiya akapita akiitazama mpaka akafika penye kidole gumba kilichopinda, kilichowahi kukanyagwa na ng'ombe. Akaushika mkono huo. Nao ukamshika.

"Na huu?"

"Hicho ni kigingi cha taa," akasema kuhani. "Kiache, mama, rangi haijakauka."

Mashtiya hakuondoka upesi. Kuhani akarudi kwa kondoo wake.

Jioni hiyo Mashtiya alimketisha Kuksimut uani, kiganja chake mwenyewe kikiwa bado buluu. Siku zote aliwafinyanga wafu kwa kumbukumbu, huyu alikuwa mbele yake, na bado ilimbidi kukumbuka, kwa kuwa usoni palibaki kidogo sana. Akamrudishia nyusi. Akamrudishia kikovu. Pua aliitengeneza, akaibomoa, akaitengeneza tena, na vidole vyake vilikuwa vikitoka kwenye udongo kwenda usoni, kutoka usoni kurudi kwenye udongo, polepole, kama mtu anayekula chakula asichotaka kiishe.

"Pua hiyo umeibomoa mara ngapi?" akasema Bi Hashtuk. "Mwanangu hakuwa na pua ya kifalme. Ilikuwa pua tu." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya shuka, akasema ni moshi.

Walichimba sakafu pamoja, wakakizika kichwa peke yake, na mtungi wa pombe ya shayiri kando yake. Ishnikarab na Lagamal wakaja. Lagamal ilimbidi ainame kwenye kizingiti.

"Sasa ni mtu," akasema. "Twende."

Kuksimut akasimama. Nyusi zake zilikuwa mahali pake. "Mashtiya," akaita, kwa jina, kwa namna aliyoliita zamani akiwa anatoka shamba. Mashtiya akaitika.  Kuksimut akatoka akiwa katikati ya miungu wawili, na majirani wakavuta punda zao kando.

Kesho yake magharibi Mashtiya alikaa akitazama mlango, akijua, na mlango ukaingiza mtu. Alikuwa mwanamume mwekundu wa vumbi, mgeni, wa kutoka milima ya Anshani kwa lafudhi yake. Alisema amesikia huko ukutani kwamba hapa wanatoa vichwa. Nyuma yake walikuwa wengine, wamejipanga hadi kisimani.

"Kung'uteni miguu," akasema Bi Hashtuk, akasogeza dengu zake.

"Ulikuwa na sura gani, kaka?" Mashtiya akauliza.

Mtu yule akafikiri. Uso wake ulikuwa bapa kabisa. "Sijui, dada. Nipe yoyote."

Mashtiya akachovya mikono majini, akaanza. Alianza na nyusi.

Huko mji mpya watu walikuwa wakiitwa kwa tarumbeta kwenda kuanza ngazi ya tatu, na kuhani alitangaza tena kwamba kazi inaendelea salama. Magharibi Ishnikarab na Lagamal walipita kwa Mashtiya kila siku. Mara ya kwanza Lagamal alimtazama yule wa Anshani, akatazama kile kikovu cha kidevuni, akasema, "Huyu si tulishampeleka?"

"Mchukue," akasema Ishnikarab. "Mama huyu anajua sura moja tu."

Basi wakamchukua, na Mashtiya akasimama mlangoni akimsindikiza kwa macho mumewe hadi kwenye kona.