Mikebe ya Kwenda Ruring'u

Mwanaisha wa Majengo alikuwa akiuza githeri iliyochemshwa tayari. Mahindi na maharagwe karibu kila mtu Nyeri alikuwa nayo nyumbani, lakini si kila mtu alikuwa na saa tatu za kukaa na moto. Makarani na wanawake walioshinda sokoni walipita kwake jioni, nyuma ya msikiti, wakiwa na bakuli au sufuria, akawachotea kutoka kwenye pipa, wakaenda kukaanga kwao. Alikuwa mjane anayekaribia miaka hamsini, na mtoto wake mmoja, Sulemani, alikuwa dereva wa lori huko Nakuru. Watu walimwita Mama Sulemani.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka wa sabini na nne, alikuja mwanamke asiyemjua, asubuhi sana, pipa halijaanza hata kutokota. Akajitambulisha kuwa ni Ngendo, mwalimu wa shule huko Giakanja, na kwamba amekuja kwa ajili ya baba yake. Baba yake, Mzee Ngatia, alikuwa akiishi peke yake Ruring'u tangu mkewe afariki mwaka uliopita. Wiki hiyo alikuwa ameungua mkono akiepua sufuria. Ngendo alipomaliza kumfunga kitambaa alifungua kabati, akakuta nusu mkate na majani ya chai, basi. Kwake Giakanja mzee hakutaka hata kusikia. Mwanamume wa Kikuyu haendi kuzeekea kwa mkwe wake, na Ngendo hakuwa na ndugu wa kiume.

"Nataka chakula kilichoiva kabisa," alisema, "kazi yake iwe ni kupasha tu. Kila siku isipokuwa Jumamosi, siku hiyo nitakuwa nakuja mimi."

Mwanaisha hakuwa amewahi kumpelekea mtu chakula nyumbani. Lakini alimwona mwalimu yule akiizungusha pete yake kidoleni, akiizungusha tena, kama mtu anayejizuia kulia mbele ya mgeni, akakubali kabla hawajazungumza lolote lingine. Wamae, mzee wa makamo aliyekuwa akisambaza maziwa Ruring'u kwa baiskeli, angeupeleka mkebe na kurudi na ule wa jana. Mwanaisha akatafuta mikebe miwili mikubwa ya mafuta ya Kimbo, akaisugua kwa majivu, akaitia vishikio vya waya.

Siku ya tatu mkebe ulirudi na karatasi ndani. Mwanaisha alikuwa amesoma madrasa, Kiarabu alikijua, lakini herufi za kizungu zilimpita. Akampelekea shemeji yake Yakubu, fundi wa kushona. Yakubu aliishika karatasi karibu na dirisha kwa muda mrefu, kwa kuwa mwandiko ulikuwa umelala huku na huko, kisha akamuuliza kama kweli anataka kusikia. Mzee alikuwa ameandika kwamba kitunguu kimeungua, na kitunguu kikishaungua hakuna kitu cha kukiokoa. Kesho yake akaandika kwamba viazi vimekatwa vikubwa kwa vidogo, kwa hivyo nusu ni uji na nusu ni mawe. Siku iliyofuata alitaka kujua kama huko Majengo nyama huchemshwa au hutishwa tu.

Mwanaisha alimeza hayo yote. Alikata viazi sawasawa, akakaa na kitunguu kama anayechunga mtoto mchanga. Karatasi hazikukoma. Kisha Wamae, ambaye hakupenda kusema ya watu, akamwambia kwamba kuku wa jirani wa mzee wamenenepa sana siku hizi.

Hilo ndilo lililomuuma. Alhamisi akapunguza moto chini ya pipa, akajitanda mtandio wake, akaubeba mkebe mwenyewe. Njia nzima hadi Ruring'u alikuwa akipanga maneno. Angemwambia mzee kwamba mtu asiyetaka chakula husema hataki, hafugi kuku wa watu. Angemwambia kwamba yeye amelisha mji huu miaka kumi na saba na hakuna aliyewahi kumrudishia barua.

Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu, mwembamba, amenyoa ndevu, na tai shingoni ingawa haikuwa siku ya kwenda popote. Alipojua mgeni ni nani alirudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa, akamkaribisha kama mtu anayekaribisha mke wa chifu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Jikoni hapakuwa na hata chembe ya masizi. Visu vilipangwa ukutani kwa urefu, kuanzia upanga wa nyama hadi kisu cha kumenyea, na kwenye msumari ilining'inia aproni nyeupe iliyopigwa wanga na pasi.

Mwanaisha akaelewa kabla hajaambiwa. Mzee Ngatia alikuwa mpishi. Alimweleza polepole, huku akitafuta vikombe, kwamba alipika miaka thelathini na minane, kwanza kwa walowezi upande wa Naro Moru, kisha katika hoteli moja hapa mjini, ambako vijana kumi walikuwa chini yake. Tangu uhuru alikuwa amepikia harusi za watu wakubwa. Mkewe hakuwahi kumruhusu kushika mwiko nyumbani, alisema jiko lile ni lake, naye akaheshimu.

Kisha akainua birika ili amimine chai. Mkono wenye kitambaa ulitetemeka, na ule mzima ulitetemeka zaidi. Chai iliingia kwenye kisahani, ikatoka kwenye kisahani ikaingia kwenye kitambaa cha meza, na mzee akaendelea kumimina, macho yakiwa kwenye kikombe, kana kwamba hakuna kinachomwagika. Mwanaisha alitamani kumpokea birika. Akakaza mikono yake mapajani, akangoja. Kikombe kilipojaa nusu alikipokea, akakinywa chote, akasema ni chai nzuri. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemtoka.

Mzee ndiye aliyeanza.

"Mama Sulemani, chakula chako si kibaya. Niliandika ati ni kibaya, lakini nilikosa. Meno iliisha. Maharagwe nikiitafuna inanishinda, na mimi siwezi kuandikia mtu barua kumwambia meno yangu iliisha."

"Ungemwambia mwalimu."

"Ngendo ananiangalia kama mgonjwa tayari." Alikunja kitambaa kilicholowa, akakikunja tena. "Mimi nililisha watu mia mbili siku moja, na supu ilikuwa moto mpaka mtu wa mwisho. Sasa ninaletewa mkebe kwa mlango. Nikiuona tu, njaa inaondoka."

Mwanaisha alizitazama karatasi zilizokuwa mezani, na kalamu, na herufi zilizojikokota. Akafikiri ni muda gani ulimchukua mzee huyu kuandika mistari minne ya kumtukana.

"Mikono ninayo mimi," alisema. "Hiyo kazi unayoijua imo kichwani mwako, haijaenda popote. Njoo Majengo unionyeshe nikupikie nini. Ukae kitini tu, useme."

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mzee alisimama kwenye mlango wa Mwanaisha na aproni yake mkononi, imekunjwa ndani ya gazeti.

Akapewa kiti karibu na jiko. Alimwelekeza kulowesha njahi, yale maharagwe meusi ya Kikuyu, usiku mzima, kuzichemsha hadi ziachie maganda, kisha kuzisugua kwenye chujio mpaka zibaki laini kama siagi. Akamwonyesha jinsi ya kuchemsha mifupa bila kuiacha itokote kwa fujo, na jinsi ya kusaga nyama kwa kisu pale pasipo na mashine. Viazi vikapondwa vikiwa moto, majani ya malenge yakakatwa membamba mno kiasi kwamba hakuna jino lililohitajika. Alikuwa mkali. Mara mbili alimwagisha mchuzi mzima, na Mwanaisha akaumwaga akiuma midomo.

Siku moja alimwagiza atafute mafuta ya nguruwe, kwa maana ndivyo walowezi walivyotaka viazi vyao. Mwanaisha akaacha kukoroga. Mzee akamtazama, akatazama msikiti kupitia dirishani, na uso wake ukasawijika. Aliinuka kitini, akavua kofia, akaomba msamaha kwa Kiswahili, halafu akaomba tena kwa Kikuyu, kana kwamba mara moja haikutosha. Mwanaisha alimrudisha kitini. Siku hiyo yeye ndiye aliyemfundisha, akamtilia iliki kwenye uji wa wimbi. Mzee alionja, akakaa na kijiko mdomoni. Akasema katika miaka thelathini na minane hakuna aliyemwambia jambo hilo.

Chakula kilikuwa kingi kwa mtu mmoja, na ndivyo mkebe wa pili ulivyoanza. Karibu na uwanja wa michezo, pale Ruring'u, aliishi bibi mmoja, Watiri, macho yake yamezimika, wanawe wote wako Nairobi. Mzee Ngatia alimjua kutoka kanisani. Baadaye akapatikana Moffat, aliyekuwa mwalimu wa misheni na sasa amepooza upande mmoja. Kufikia Krismasi Wamae alikuwa akibeba mikebe saba, kila mmoja na alama yake, kwani kuna aliyekatazwa chumvi na kuna asiyepatana na maziwa. Watoto wao walisikia, wakaanza kuja wenyewe kuulizia.

Mzee Ngatia aliweka sharti moja tu. Mkebe usiwekwe mlangoni. Wamae agonge, angoje, ampe mtu mkononi, amwambie kilichomo. Wamae alilalamika kwamba maziwa yatachacha akisubiri wazee saba wafike mlangoni. Mzee akamwambia basi aanze safari mapema, na Wamae akaanza mapema.

Huko Giakanja maneno yalifika kwa njia nyingine. Ngendo aliambiwa baada ya ibada kwamba baba yake anashinda Majengo, kwa mwanamke Mwislamu, siku nzima, tena amevaa aproni. Mume wake aliambiwa hayo hayo na ndugu zake, wakicheka. Ngendo hakungoja Jumamosi. Aliomba ruhusa shuleni, akashuka mjini, akaingia uani kwa Mwanaisha bila kubisha hodi, amekasirika mpaka midomo imekauka.

Mwanaisha alikuwa ameinamia pipa. Alimwona, akajua kilichomleta, akajifuta mikono. Mzee hakumwona bintiye. Alikuwa amefumba macho, kijiko mdomoni, mkono mwingine ameuinua hewani kuwanyamazisha wote. Kisha akafumbua macho.

"Bado," alimwambia Mwanaisha. "Mpe dakika kumi. Watiri anapenda iwe nzito."

Ngendo alisimama pale pale. Baba yake alikuwa na mashavu. Shati lake, ambalo miezi sita iliyopita lilimpwaya shingoni, lilikuwa limejaa. Alipogeuka na kumwona hakushtuka, alimwagiza tu asogeze kiti, akae mbali na moshi.

"Baba, watu wanasema," Ngendo alianza.

"Wanasema nini?"

Ngendo akatafuta neno. Akamtazama Mwanaisha, mtandio wake ukiwa umesukumwa nyuma, paji la uso limeloa jasho, akimchotea bakuli tayari bila kumuuliza. Akatazama mikebe saba iliyopangwa kwenye benchi, vifuniko vimefunguliwa.

"Wanasema unapika," alisema mwishowe.

"Wanasema kweli," mzee akajibu. "Kula kwanza."

Akala. Alipofika nusu ya bakuli machozi yalianza kumtoka, na hakuyafuta, na wale wawili wakaendelea kuzungumza juu ya njahi mpaka alipomaliza. Kabla ya kuondoka alimshika Mwanaisha mkono wote, hadi kwenye kiwiko, akamwita dada. Mumewe alikaripiwa jioni hiyo kwa namna ambayo ndugu zake hawakucheka tena, na mwezi uliofuata alileta gunia la viazi yeye mwenyewe, akaomba kuonyeshwa mahali pa kuliweka.

Mzee Ngatia aliendelea kwenda Majengo karibu miaka mitano. Mwishoni Wamae alimbeba kwenye baiskeli, asubuhi kwenda na saa nane kurudi. Alifariki mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na tisa, usingizini. Alizikwa siku ya Ijumaa kwenye kishamba chake huko Tetu. Mwanaisha na Yakubu walisimama kaburini pamoja na familia, kwa kuwa Ngendo aliwaita mbele.

Jumamosi asubuhi Mwanaisha aliwasha moto kama kawaida. Wazee kumi na mmoja walikuwa wakingoja kula. Alipomaliza alimwambia Wamae ashughulike na wengine, ule wa Watiri ataupeleka yeye.

Watiri alikuwa ameshasikia habari. Alikuwa ameketi kitandani, shuka mabegani. Mwanaisha alimwambia kilichomo, akakipasha moto, akamwekea bakuli mapajani na kijiko mkononi. Bibi hakula. Aliuliza kama kweli Ngatia alikuwa mrefu, kwa kuwa kanisani sauti yake ilikuwa ikitoka juu.

Mwanaisha akasema alikuwa mrefu sana, hata mlangoni kwake ilimbidi ainame.

"Niambie vizuri," Watiri akasema. "Nilikula chakula yake miaka minne na sikumwona hata siku moja."

Basi Mwanaisha akavuta kigoda, akakaa, akamwanzia kwenye viatu, jinsi vilivyokuwa viking'aa hata siku za matope. Watiri akaanza kula, akisikiliza.