Karatasi ya Jikoni

Nyumba yetu ipo Sokomuhogo, ghorofa ya pili, na kushuka mpaka mlangoni ni vidato ishirini na tatu. Mume wangu Kheir alipofariki kwa maradhi ya figo, nilikalishwa eda huko juu: miezi minne na siku kumi bila ya kutoka, bila ya manukato, bila ya kuonana na mwanamme asiye maharimu. Hilo silalamikii, ni dini na nimelipokea. Nilicholalamikia ni kufungiwa pamoja na Bi Mashavu.

Mashavu ni dada yake Kheir, mkubwa wangu kwa miaka sita. Alihamia kwetu ndugu yake alipoanza kuumwa, akalitwaa jiko, na jiko hakulirudisha tena. Ana moyo mzuri. Nalisema hilo mapema nisije nikalisahau, maana mtu mwenye moyo mzuri akishika mwiko hakuna wa kumnyang'anya.

Jikoni, juu ya ndoo ya maji, palibandikwa karatasi. Kheir aliandikiwa hospitali miaka miwili nyuma, figo zilipoanza kulegea: samaki kipande cha vidole viwili kwa siku, mayai, maziwa, kunde na dagaa aviache. Protini ikishatumika mwilini huacha uchafu, walituambia, na figo zilizochoka haziwezi kuutoa. Mashavu alisoma chuoni tu, Kurani. Maandishi haya mengine hayajui. Mimi nilisomesha skuli miaka thelathini na moja, basi mimi ndiye niliyemsomea karatasi ile na mimi ndiye niliyeibandika. Akaihifadhi neno kwa neno.

Na sisi tunakula sinia moja. Ningewezaje kukaa mbele ya mume wangu nachambua samaki, naye ananitazama? Alichokatazwa nikajikataza. Miaka miwili tulikula wali, mkate wa boflo kwa chai kavu, na muhogo uliochemshwa na kumwagwa maji mara mbili. Watu wa mtaani wakanisifu kwa mapenzi yangu. Niseme kweli, sifa zilinikolea. Kheir akafa, karatasi ikabaki ukutani, na Mashavu akaendelea kunipikia yale yale.

Mwezi wa pili wa eda nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Kisha ikaja miguu. Vidole vilijaa, halafu vifundo, na asubuhi moja nilipokwenda msalani nilishika ukuta kama mtoto anayesimama dede. Mashavu aliiona ile miguu akaangua kilio.

"Ndo ilivyomwanza Kheir! Wallahi, ndo hivi hivi!"

Siku hiyo hiyo akakiondoa hata kile kipande cha vidole viwili. Kila miguu ilivyozidi kuvimba, ndivyo chakula changu kilivyozidi kuwa cheupe: wali, muhogo, wali tena. Chini ya dirisha letu kuna mtu anauza supu ya pweza, na kila alasiri harufu yake ilipanda ikaingia chumbani bila ya kupiga hodi. Nilisimama pale nimeshika nondo za dirisha, nikimeza mate na kumchukia Mashavu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, huku nikimsikia anavyokokota ndara zake jikoni.

"Nikatibiwe, wifi," nilimwambia.

"Kizuka atoke? Watu watasemaje?"

Dini inamruhusu kizuka, mjane mwenye eda, kutoka kwa ajili ya matibabu. Mimi nalijua hilo na yeye analijua. Lakini sikumshikilia, kwa sababu nilikuwa naogopa. Mwaka mzima nilimwona Kheir akifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, akirudi hawezi hata kufungua vifungo vya kanzu. Nikitoka, wataniambia sasa ni zamu yangu. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: siku ya kutoka eda nivishuke vile vidato kwa miguu yangu, nisibebwe kama alivyobebwa yeye. Na nilikuwa naona wazi kwamba sitavishuka.

Aliyekuja ni Nassra, mtoto wa kaka yangu wa Bwejuu, afisa lishe katika kituo cha afya huko shamba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Hata hakukaa. Alipiga magoti, akanibonyeza muundini kwa kidole gumba, na alipokiondoa shimo lilibaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Akatoa kwenye mkoba wake kijiti cha kupimia mkojo, akanipeleka msalani. Tulikaa kukingoja kibadilike rangi. Mashavu alisimama mlangoni, midomo ikimcheza kwa dua. Mimi nilikuwa naiona mashine.

"Figo zako hazivujishi kitu," alisema Nassra. "Tutapima na damu, lakini mimi naona ni njaa, shangazi."

"Njaa!" Mashavu aliruka. "Wali nampa, muhogo nampa, njaa gani tena?"

"Njaa ya protini, Bi Mashavu." Kisha akanigeukia, kwa kuwa anajua mimi nimekulia kwenye kusuka ukili wa mikeka. "Shangazi, ukili wa miyaa tisa, ukikosa mwaa mmoja utasuka?"

"Nitasuka nini? Nitakaa ningoje."

"Basi ndo mwili ulivyo. Nyama, damu, nywele, vyote vinasukwa kwa vipande vidogo vidogo vya protini, vinaitwa amino asidi. Vingine mwili unavitengeneza wenyewe. Tisa hauviwezi, lazima viingie kwa mdomo: kwa samaki, mayai, maziwa, au kunde ukizila na wali. Kwenye muhogo ni haba. Ukivikosa, mwili unafumua misuli yako upate vya kutumia. Na protini ikipungua damuni, maji hayakai kwenye mishipa, yanavuja na kushukia miguuni. Marehemu alivimba kwa figo. Wewe umevimba kwa masharti yake."

Mashavu alikaa sakafuni pale pale alipokuwa. "Nnamuua wifi yangu kwa mkono wangu," alisema. "Mie nlifata karatasi."

Nassra alikwenda jikoni akaibandua. Aliisoma, akaitazama tarehe, akaisoma tena.

"Hii ni ya kabla ya mashine. Alipoanza mashine hawakukupeni nyingine? Mashine inatoa uchafu, lakini na protini inaondoka nayo. Mgonjwa huwa anaongezewa samaki na mayai wakati huo, hakatazwi."

Walitupatia. Nilikumbuka pale pale. Msichana mwenye koti jeupe alinikabidhi karatasi ya pili ukumbini, na nikaisoma nikiwa nimesimama nje namngoja Kheir. Mayai. Samaki kila mlo. Nikasema moyoni, watoto wa siku hizi, kanipa karatasi ya mtu mwengine. Jana mayai sumu, leo mayai dawa? Miaka thelathini na moja nilisahihisha makosa ya watu, na yeye nikamsahihisha. Sikurudi ndani kuuliza. Niliikunja nikaitupa jaani, na nilipofika nyumbani Mashavu akaniuliza, "Wamesemaje?" Nikamjibu, "Yale yale."

Ijumaa yake ya mwisho Kheir aliniambia, sauti imekwisha kabisa, "Riyama, nipe japo kichwa cha chewa." Nikamwambia, "Vumilia, bwana." Nikamlisha muhogo.

"Hawakutupa nyingine," Mashavu alisema kabla sijafungua mdomo. "Wangetupa, Riyama angeiona. Huyu mwalimu, mwanangu. Kosa langu mie nisosoma."

Nassra alinitazama. Niligeuka nikatazama dirishani.

Wiki saba zilizobaki Mashavu alinilisha kama aliyeajiriwa. Mayai asubuhi, choroko mchana, na supu ya pweza akiishukia mwenyewe na bakuli mkononi. Majibu ya damu yalikuja, figo zikaonekana nzima. Miguu ikanywea, muundi ukarudi kuwa muundi. Mara nyingi nilianza, "Wifi, nna jambo," naye akanikatiza, "Kula kwanza." Nikala kwanza.

Siku ya kutoka eda nilishuka vidato vyote ishirini na tatu. Mashavu alinitangulia akishuka kinyumenyume, mikono ameitandaza, anidake nikianguka. Sikuanguka. Tulikwenda mpaka sokoni Darajani, jua likinichoma uso, na yeye akachagua samaki kwa ugomvi kama desturi yake.

Mchana akatenga sinia. Upande aliokuwa akikaa Kheir aliweka kichwa cha chewa, kikubwa, mchuzi wa nazi umekifunika. Akakitazama kidogo, kisha akalizungusha sinia mpaka kikanielekea mimi.

"Alikitamani sana, maskini," alisema. "Ukile wewe, wifi."

Nilikila chote. Mashavu hakugusa kitu, alikaa mbele yangu akinitolea miiba.