Kilo Sitini na Tatu

Miezi minne pikipiki ya Kaka ilikaa kwenye kibaraza changu chini ya turubai, na kila Jumapili Mama alinipigia simu kuniuliza maswali mawili yale yale.

"Pikipiki inakuja lini?"

"Nikipata likizo, Mama."

"Na mwanangu alianza kuumwa lini?"

"Nilishakuambia, Mama. Ghafla. Jumatatu alilazwa, Ijumaa basi."

"Mtu mzima hazimiki kama balbu," anasema, na simu inakatwa.

Mama anaishi kilomita mia tisa kutoka hapa. Wakati wa mazishi naye alikuwa kitandani, miguu imevimba, hakuweza kusafiri. Kwa hiyo hakumwona mwanawe akizikwa. Alichobaki nacho ni hamu ya kuishika pikipiki iliyokuwa ikimfikisha Kaka uani kwake kila mwisho wa mwaka, na hamu ya kujua. Pikipiki ningeweza kumpelekea. Hayo mengine nilikuwa nimeshampa yote niliyokuwa nayo, na hayakumtosha.

Mjomba alisema tuipakie kwenye lori. "Mwanamke peke yako, safari yote hiyo, unamwonyesha nani?"

Nilimwambia mimi nasoma mita za maji, nashinda juu ya pikipiki ya kazini tangu asubuhi mpaka alasiri, na aliyenifundisha ni Kaka mwenyewe. Akasema haya, usije ukasema hukuambiwa. Nilimkasirikia wiki nzima. Siku zile nilimkasirikia kila mtu. Waliosema pole huku wanatazama simu zao. Waliosema amepumzika, kana kwamba alikuwa amelalamika kuchoka.

Likizo ilipofika nikatoa turubai. Nilikandamiza kiti kwa mikono miwili. Kilizama, kikarudi, kikazama tena, kikarudi, kama godoro la nyumba ya wageni. Shokomzoba za nyuma zote mbili, zile za kumeza mishtuko, zilikuwa zimekwisha, sili za raba zinazozuia oili zimekatika, oili imetiririka mpaka kwenye rimu. Mjini ungeweza kujikongoja nazo. Lakini katika zile kilomita mia tisa, mia tatu ni changarawe na mashimo, na huko ukiwa na shokomzoba zilizokufa, kila shimo unalipokea kwa uti wa mgongo.

Nikaenda duka la spea.

"Sista, hizi ndizo zenyewe," muuzaji akasema, akaziweka mbili mezani. Zilikuwa za rangi ya dhahabu, kila moja ina kikopo pembeni. "Hicho kikopo ni cha gesi. Za mashindano hizi."

Nikakishika kikopo. Kikazunguka mkononi.

"Gesi inapita wapi kutoka humu kwenda kwenye shokomzoba?"

Akakitazama kana kwamba anakiona mara ya kwanza. "Pale kuna urembo kidogo."

"Urembo nitaupeleka wapi, kwenye mashimo?"

"Usinikasirikie, dada'ngu, wateja wanazipenda." Akatoa nyingine, za mtumba. "Basi hizi. Chuma cha zamani, zimetoka kwenye pikipiki kubwa."

Nikapitisha ukucha kwenye fimbo, kile chuma kinachoingia na kutoka ndani ya shokomzoba. Ukakwama. Kaka alinifundisha hilo: fimbo yenye mkwaruzo inakula sili kila inapopanda na kushuka, na hujamaliza mwezi oili iko nje. Nikazisukuma pembeni.

Kwenye rafu ya chini kabisa palikuwa na nyeusi, zimejaa vumbi.

"Hizo za mizigo," akasema. "Hazina sura."

"Zinafunguka?"

"Zinafunguka, ukitaka kujisumbua."

"Na sili zake zinauzwa peke yake?"

"Zipo."

Nikapima kwa futi, kutoka tundu la juu mpaka tundu la chini. Urefu ulikuwa ule ule wa zile zangu. Fimbo ilikuwa nene na laini kama kijiko kipya. Bei yake ilikuwa nusu ya zile za dhahabu. Shokomzoba ambayo ikichoka unaifungua, unabadilisha sili na oili na kuendelea, hiyo ndiyo rahisi. Isiyofunguka unainunua kila mwaka.

"Springi zake ni aina mbili, laini na ngumu," muuzaji akasema. "Dereva ana kilo ngapi?"

"Themanini na nne."

Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu. "Wewe? Labda uwe umembeba mwenzio mgongoni." Mteja aliyekuwa anachagua taa akacheka.

Uzito niliotaja haukuwa wangu. Ulikuwa wa Kaka. Alikuwa akiutaja kila aliponifundisha mambo ya springi, mimi themanini na nne, wewe unyoya, na ulinitoka mdomoni wenyewe.

"Ni wa kaka yangu."

"Basi aje tumpime mwenyewe."

"Amekufa."

Yule wa taa akaacha kucheka. Muuzaji akazifuta vumbi zile nyeusi bila sababu. "Pole. Sikiliza, nenda kwa Fundi Miwani. Yule anapima kila mteja, anaandika daftarini. Atakuambia uchukue ipi. Boksi likishafunguliwa mimi sirudishi."

Fundi Miwani hakuwa mgeni kwangu. Alikuwa rafiki wa Kaka kwa miaka kumi na mitano, na siku ya mazishi alishika jeneza upande wa mbele. Miwani yake ina mkono mmoja, wa pili ni kamba ya viatu. Nikaisukuma pikipiki mpaka uani kwake, tukaipandisha kwenye stendi ya kati.

"Umekuja," akasema.

"Naipeleka kwa Mama. Nionyeshe ukurasa wa Kaka, nijue alikuwa anaifungaje akiwa na mizigo."

"Hilo daftari limechakaa. Panda kwenye mizani, tukupime tu."

"Nipe nilione."

"Shemeji..." Ananiita shemeji kwa utani, tangu siku aliyotania kwamba atanioa. Siku hiyo neno halikunichekesha. Daftari lilikuwa kwenye msumari nyuma yake. Nikalichukua mwenyewe.

Juu ya ukurasa ameandika Masafa, jina walilompa Kaka wenzake wa safari. Chini kuna tarehe, kilo, na ngazi. Chini ya springi huwa kuna pete yenye ngazi tano. Ukiipandisha, springi inakaza kwa mtu mzito. Ukiishusha, inalegea kwa mtu mwepesi.

Themanini na nne, ngazi ya nne. Miaka mingi ni hivyo hivyo. Halafu, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, themanini, ngazi ya nne. Sabini na tano, ngazi ya tatu. Sitini na tisa, ya pili. Sitini na tatu, ya kwanza. Hiyo ya mwisho ni ya wiki sita kabla ya ile Jumatatu.

Mimi nina kilo sitini na moja.

Nikausoma tena kutoka juu, polepole, kwa kidole, kama ninavyosoma mita za watu wanaobisha.

"Ulijua," nikasema.

Akainama kuokota nati iliyokuwa chini.

"Mwaka mzima. Ulimshushia pete mara tatu. Uliandika kwa mkono wako."

"Aliniapisha, shemeji."

"Usiniite shemeji!"

"Aliniapisha. Alisema ni tumbo, anatibiwa, litakwisha. Nikamwambia mwambie mdogo wako. Akasema wewe na Mama mtalia, na hataki kuliliwa akiwa hai."

"Kwangu alikuja mara ngapi mwaka ule? Namwambia vua jaketi ukae, ananiambia napita tu."

"Alikuwa anavaa masweta mawili ndani." Akalisema akitazama chini. "Mizani ilikuwa inamkamata hapa. Alikuwa anavua yote."

Nilikumbuka nilivyomcheka. Nilimwambia umenenepa kama gunia. Akacheka nami, akavaa helmeti, akaondoka. Hospitali nilimkuta amefunikwa mpaka shingoni, nikadhani ni siku zile chache zilizomkausha. Miezi minne nimemwambia Mama ghafla, ghafla, naye akiniona mwongo, na mwenye jibu alikuwa hapa anakaza nati.

Nilitoka uani bila kuaga. Nilirudi dukani kwa hasira, nikamwambia muuzaji anipe ngumu, nina mizigo, na asiniulize kitu. Hakuniuliza. Nikarudi na boksi.

"Lete nikufungie," Fundi Miwani akasema.

"Usiiguse. Usiseme neno lolote. Nikopeshe spana tu."

Akaniwekea spana juu ya gunia, akasogea ukutani.

Nilitoa za zamani. Bolti ya chini upande wa kushoto ilikuwa imeshika kutu, nikaipiga, nikaipiga tena, nikajichubua vidole na sikusimama. Nilipaka grisi kwenye bushi za matunduni, nikaingiza nyeusi, kwanza kushoto, halafu kulia, nikarudisha washa na nati. Nikapandisha pete kwa ajili ya mizigo. Yule mtu alipita mara moja upande wa usukani, akarudi ukutani, akasimama mikono mfukoni, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Nilipomaliza nikaishusha pikipiki kutoka kwenye stendi, nikakandamiza kiti. Kikazama kidogo, kikarudi mara moja, kikatulia. Nikavaa helmeti niende kuijaribu.

Ufunguo haukuwapo.

"Ufunguo uko wapi?"

Akatoa mkono mfukoni. Ulikuwa kwenye kiganja chake.

"Pete ya kulia," akasema. "Iko ya pili. Ya kushoto umeiweka ya tatu. Mjini usingeona kitu. Ukifika kwenye mwendo, na mizigo, nyuma ingekuyumbisha mpaka ikuangushe."

Nikainama nikaangalia. Ni kweli.

"Uliona saa ngapi?"

"Ulipokuwa unaikaza."

"Ukanyamaza?"

"Uliniambia nisiseme neno."

Nilivua helmeti nikaibamiza juu ya kiti. "Mtu akikuambia nyamaza unanyamaza mpaka afe? Ndiyo kazi yako hiyo? Unapima watu, unaandika, unafunga daftari?"

"Nimechukua ufunguo."

"Ndiyo! Kumbe unajua! Unajua kuchukua ufunguo, unajua kumzuia mtu! Kwa nini hukuchukua wake?"

Jirani wa duka la matairi alichungulia, akajirudisha ndani. Fundi Miwani alivua miwani, ile kamba ikabaki imening'inia sikioni.

"Niliuchukua," akasema. "Ilipofika sitini na tisa. Nilikaa nao siku mbili. Akaja kwa miguu kutoka kwake mpaka hapa. Nusu saa nzima hakuweza kusema, anahema tu, ameketi juu ya tairi lile. Halafu akaniambia, naumia nikitembea, naumia nikilala, mahali nisipoumia ni pale juu tu. Nikampa." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Labda nilikosea. Kila siku nafungua hapa asubuhi sijui kama nilikosea."

Nilitaka aseme uongo, nimtukane. Hakusema uongo, na hasira yangu haikwenda popote. Ilibaki nami pale pale, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya.

"Mama anauliza kila Jumapili," nikasema. "Anauliza alianza lini. Mimi sikuwepo. Sitamsimulia kitu ambacho sikukiona."

"Nimpigie simu?"

"Simu hapana. Utakaa mbele yake umwambie yote. Themanini, sabini na tano, masweta, tairi, yote. Akitaka kukupiga, akupige."

"Kilomita mia tisa?"

"Siku mbili. Funga hapa uweke kufuli."

Akaangalia uani kwake, pikipiki tatu za watu zilizofunguliwa nusu, kopo la oili, paka amelala kwenye kivuli cha tangi. Nilijua anatafuta sababu. Hakuipata, au aliipata akaona aibu kuitaja. Akanipa ufunguo.

"Una kilo ngapi?" nikamuuliza.

"Sabini na mbili."

"Panda tuone. Siamini mtu wa hapa."

Akavua viatu, akapanda kwenye mizani. Sabini na nne. Nikairudisha pikipiki kwenye stendi, nikachukua spana yenye ncha iliyopinda, nikapandisha pete ya kushoto mpaka ngazi ya tano, ya watu wawili na mizigo.

"Na kulia," akasema kwa sauti.

"Naona."

"Nasema tu."

"Sema," nikamwambia, nikahamia upande wa kulia. "Endelea kusema."